Bei ya Mbaazi

Kituo chetu cha Kitangari kina kaunta moja,
mbao ya mkongo iliyolika kwa viwiko vya walalamikaji,
na nyuma yake chumba cha mahabusu
kilichojengwa kwa watu wanne.
Siku homa ilipopanda kilima walikuwemo kumi na mmoja,
wakipokezana pumzi kama kipande cha sigara.

Sajini Nangumbi alichungulia kidirishani,
akahesabu, akarudia kuhesabu.
"Huyu wa kuku ana siku ngapi?
Huyu wa gongo? Na huyu aliyemtukana mtendaji?"
Saba wakatoka kwa dhamana ya neno lao.
Sita walirudi siku waliyoahidi.
Wa saba hakurudi, wala kuku hakurudi.

Barakoa tuliletewa tatu, nasi askari tu tisa.
Aliyetufundisha kufunga kitambaa ni Chilindima,
mpuliza sulfa, tuliyemfungia kwa ugomvi wa mpaka wa mikorosho:
"Afande, kunja mara mbili. Usikigusegusee.
Sisi pua tunazifunika kila msimu,
hatukungoja amri."

Agizo lilisema tunawe kwa maji tiririka.
Huku juu maji hayatiririki, yananunuliwa.
Basi gari la doria likateremka bondeni na madumu,
na watoto waliozoea kulikimbia
wakawa wanalikimbilia, sufuria kichwani.

Sitapaka chokaa.
Ijumaa moja sokoni, mwenzangu alimpiga rungu Bwana Mtipa
kwa kutembea bila kitambaa.
Kitambaa alikuwa nacho. Kilikuwa kimefunga donda la mguu.
Kitabu cha matukio kikasema: *Hali ni shwari.*
Mwandiko wangu.
Sajini alisoma, hakunikaripia.
Alisukuma kalamu upande wangu, akatoka nje.
Nilikata mstari ule, nikaandika chini yake
jina la mpigaji na jina la mpigwaji,
nikakaa nautazama wino unavyochelewa kukauka.

Halafu ile kamba.
Kamba ya katani, hatua mbili,
ncha moja msumarini, nyingine mkononi mwa mwenye shida,
asimame uani, aseme kutoka huko.
Kwa wizi wa baiskeli ilifaa.
Lakini nani atapaza sauti, foleni ikimsikiliza,
aseme "mume wangu"?
Na waume walikuwa nyumbani kutwa,
minada imefungwa, mifuko mitupu, mikono haina kazi.
Wiki tatu hakuja mwanamke hata mmoja.
Wenzangu walisema, afadhali, kumetulia.
Mimi nimelelewa nyumba iliyotulia hivyo.

Nikaandika namba kwa chaki kwenye mashine ya kusaga,
maana mwanamume hamfuati mkewe mashineni.
Mwenye dawa ya usaha, yule mama msagaji, ndiye aliyezieneza habari:
piga, uliza tu, mbaazi bei gani leo?
Nami nitataja bei yoyote, niulize, gunia ngapi?
Moja, tuje kesho.
Mawili, tuje leo.
Ukikata kabla ya kujibu, tunakimbia.

Somoe wa kule Mnima aliuza magunia mawili mara tatu.
Mara ya nne alikata.
Tulifika. Yu hai, anashona kwa mkono wa kushoto.

Homa imeshuka kilima.
Kamba imeoza, viwiko vimerudi juu ya mkongo,
mahabusu wamekuwa tena wanane, nalisema hili kwa aibu.
Chaki ilifutwa na mvua ya kwanza.

Ila jana usiku, Januari hii,
mbaazi shambani hazijafika hata magotini,
simu ya kituo ililia.
Sauti ya mtoto, wa miaka tisa labda,
akisema kama aliyekaririshwa:
"Shikamoo. Mbaazi... bei gani leo?"

Nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu
nilipomuuliza gunia ngapi.